Aliyekukatia mti kwa bei ya chini ameacha nini?

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Februari, kabla masika haijaanza kumwaga, simu za mafundi wa miti hapa Dar es Salaam haziachi kuita. Mwembe umelalia bati, mkungu umeingia kwenye nyaya, mizizi ya mkrismasi imepasua ukuta wa jirani. Na karibu kila anayepiga huanza na swali moja: shilingi ngapi? Mti hatujauona, anataka bei. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na watu wa aina mbili: vijana wanaoingia katika kazi hii wakiwa na panga na msumeno wa mnyororo wa kukodi, na wenye nyumba wanaowaita. Bei ya chini kupita kiasi katika kazi hii haitokani na wepesi wa mtu. Inatokana na kitu kilichoachwa, na mara nyingi kilichoachwa ni kamba, mtu wa pili, au safari ya dampo.

Mafundi wengi hutaja bei kwa kutazama unene wa shina. Ni kipimo kibaya. Mnazi wa mita 15 ulio katikati ya kiwanja kitupu watu watatu huuangusha na kuukatakata asubuhi moja. Mwembe wa nusu ya urefu huo, wenye choo cha uani upande huu, simtanki upande ule na waya wa umeme juu yake, unaweza kula siku mbili nzima, kwa sababu hakuna tawi linaloruhusiwa kudondoka ovyo. Kila kipande kinashushwa. Kwa hiyo fundi akifika atazame chini kwanza. Chini ya kila tawi kuna nini? Gari litasimama wapi? Majani yatatokea mlango gani? Nyumba nyingi za Sinza, Magomeni au Tandale hazina hata uchochoro wa kupitisha guta, hivyo kila kitu kitabebwa begani mpaka barabarani. Kukata kwenyewe huchukua sehemu ndogo ya siku. Kukusanya, kubeba na kupakia ndiko kunakowamaliza vibarua, na ndiko kunakosahauliwa wakati wa kupatana.

Tuchukue mfano wa hesabu ya kazi ya siku moja. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu. Kila mmoja aweke za mji wake. Mpandaji Sh50,000, mtu wa kamba, yule anayeshusha vipande kwa kamba akiwa chini, Sh30,000, vibarua wawili Sh20,000 kila mmoja: hiyo ni Sh120,000. Petroli, oili ya kuchanganya na oili ya mnyororo Sh25,000. Kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, tripu mbili, kila tripu Sh40,000, ni Sh80,000. Kisha uchakavu, ambao karibu hakuna anayeuhesabu: msumeno wa Sh1,500,000 unaotarajiwa kufanya kazi siku 300 unakula Sh5,000 kila siku, kamba na mkanda vya Sh600,000 vinavyostaafishwa baada ya siku 100 vinakula Sh6,000, minyororo, tupa, plagi na vikorokoro vingine tuseme Sh9,000. Jumla ya gharama ni Sh245,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, kwa sababu bati litavunjika siku moja, unapata Sh269,500. Weka faida ya asilimia 20 juu yake, unafika Sh323,400.

Sasa aje mwingine aseme Sh120,000, na mwenye nyumba amwone ndiye mwungwana. Rudi kwenye hesabu uone alipopunguza. Gari hana, kwa hiyo matawi yatabaki ukutani mwa jirani au yatasukumwa mtaroni, na masika ikija maji yatarudi kwenye nyumba ileile iliyookoa pesa. Mtu wa kamba hana, kwa hiyo vipande vitaangushwa kwa kubahatisha. Uchakavu hakuuhesabu, kwa hiyo mnyororo wake ni butu na kamba yake ni ya katani iliyokwisha nyeshewa misimu miwili. Akianguka, hakuna mahali palipoandikwa nani anamlipia hospitali. Mwenye nyumba ndiye atakayefuatwa na ndugu zake, na hapo Sh200,000 alizookoa hazitatosha hata kufungua mazungumzo.

Fundi asitaje bei kwenye simu. Aende akaone, apige picha, apime kwa macho na kwa hatua, kisha aandike karatasi ya ukurasa mmoja. Karatasi iseme mti upi, matawi yapi, kisiki kinabaki kirefu kiasi gani au kinang'olewa, nani anaondoa majani, na bati au ukuta ukivunjika nani anatengeneza. Mstari unaoleta ugomvi kuliko yote ni huu: magogo ni ya nani? Mteja hudhani shina la mwembe ni mali kubwa na kwamba amekwisha mlipa fundi kwa kumwachia kuni. Fundi naye amehesabu kuni hizo kuwa zake na ameshaongea na mama lishe. Yaandikwe. Malipo ya awali, yale tunayoyaita kishika uchumba, yafunike angalau mafuta, gari na posho ya vibarua, yaani karibu asilimia 40 ya bei. Kinachobaki kilipwe siku hiyohiyo kabla gari la mwisho halijaondoka. Ukiondoka na deni la mti uliokwisha kukatwa, umepoteza silaha yako yote. Tawi halirudishwi.

Kabla ya kupanda, mti ukaguliwe kutoka kwenye mizizi. Uyoga unaoota kwenye kitako cha shina, njia za mchwa zinazopanda, udongo uliopasuka upande mmoja baada ya mvua na upepo, panda lenye ufa unaovuja utomvu mweusi: kila kimoja ni sababu ya kusimama na kufikiri. Gonga shina kwa kisogo cha shoka kulizunguka lote. Pakilia kama debe, ndani pana uwazi. Mti uliokufa zamani usipandwe kabisa. Matawi yake hukatika bila kulia, hayapindi kwanza kama ya mti mbichi. Mti wa namna hiyo ukatwe kutoka chini kama kuna nafasi, au litafutwe gari lenye kikapu cha kuinulia watu, na gharama yake iingie kwenye bei.

Kuhusu nyaya tutasema kwa mkato kwa kuwa hakuna la kujadili. Laini za mitaani zina volti 230 na 400; zile za juu ya nguzo ndefu ni za kilovolti 11 au 33, na kilovolti 33 hazingoji uguse, huruka. Tawi bichi na kamba yenye unyevu hupitisha umeme. Kanuni ya Marekani kwa mtu asiye fundi umeme aliyefunzwa ni kukaa umbali wa zaidi ya mita 3 kutoka laini yoyote hadi kilovolti 50, yeye, msumeno wake na tawi analolikata. Mti ukiwa ndani ya umbali huo, shirika la umeme, TANESCO, waitwe wazime laini au wakate wenyewe, na kule Zanzibar wenzetu waiite ZECO. Kazi isubiri. Mteja asiyetaka kusubiri atafute mwingine, na ni afadhali huyo mwingine asipatikane.

Sasa kamba, maana hapa ndipo vijana wengi hudanganyika. Mti mbichi una uzito ambao jicho haliukubali. Miti yetu mingi ikiwa mibichi hukaribia kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 2 lina kilo kama 140. La sentimita 50 lenye urefu wa mita moja tu linakaribia kilo 200. Na kipande kinapodondoka hata mita moja kabla kamba haijakaza, mshtuko wake huwa mara kadhaa ya uzito huo. Ndiyo maana kamba iliyoning'iniza gogo jana bila shida leo inakatika na gogo dogo zaidi: jana lilishushwa, leo limeachiwa. Kanuni ya salama ya kushushia mizigo ni kutoipa kamba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kukatika iliyoandikwa na kiwanda. Kama haina maandishi, kama ni ile ya mtumba iliyotoka kwenye meli, hujui imepitia nini. Ifungie mzigo wa kirikuu.

Kamba ya kupandia na ya kushushia zisiwe moja. Ya kupandia iwe ya milimita 11 hadi 13, iliyotengenezwa kubeba mtu, na isitumike kuvuta chochote. Ya kushushia ipite juu kwenye panda lenye nguvu, au bora kwenye kapi, kisha chini izungushwe shinani mara mbili au tatu ili msuguano ubebe uzito badala ya mikono. Mtu wa kamba hajifungi kamba kiunoni wala haiviringishi mkononi, na hasimami ndani ya duara la kamba iliyolala chini. Kamba iliyoguswa na maji ya betri itupwe hata kama inaonekana nzima. Nailoni huliwa na asidi ndani kwa ndani. Jua nalo huila polepole, kwa hiyo isianikwe juu ya bati kama nguo.

Mpandaji anayewasha msumeno akiwa juu awe amefungwa sehemu mbili: kamba kuu, na mkanda mfupi unaozunguka shina, na huo wa pili ni vizuri uwe na waya wa chuma ndani. Sababu ni kwamba kinachokata kamba ya mpandaji mara nyingi ni msumeno wake mwenyewe. Chini kuwe na mtu mwingine anayejua kupanda, na kamba ya pili iko tayari. Mtu aliyezirai akiwa ananing'inia kwenye mkanda anatakiwa ashushwe ndani ya dakika chache, kwa kuwa damu hukwama miguuni. Kuanza kutafuta ngazi mtaani wakati huo ni kuchelewa. Huyo mtu wa chini ndiye ambaye mwenye nyumba humwona "amesimama tu" na kutaka aondolewe ili bei ipungue.

Tawi lenyewe lina namna yake ya kukatwa. Ukilikata kwa mkato mmoja kutoka juu, uzito wake hulivunja kabla hujamaliza na kuchuna gome la shina mpaka chini. Kwa hiyo mikato ni mitatu. Wa kwanza kutoka chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, uingie robo ya unene tu, la sivyo msumeno utabanwa. Wa pili kutoka juu, sentimita chache mbele zaidi kuelekea nchani, mpaka tawi lidondoke. Wa tatu unaondoa kigutu kilichobaki, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Tazama pale tawi linapotoka: kuna uvimbe kama kola ya shati. Mkato upite nje kidogo ya uvimbe huo, usiukwangue ukawa sawa na shina, wala usiache kigutu cha kutundikia kofia. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua miti mingi sana kutazama majeraha ndani yake, na tangu mwaka 1977 maelezo yake ndiyo yanayofuatwa na mafundi wa nchi nyingi: mti hauponyeshi jeraha kama ngozi ya mtu, bali hujenga kuta kulizingira na kuota mbao mpya juu yake. Uvimbe ule ndio wenye kuta imara zaidi. Ukiukata, umefungua mlango wa uozo. Kwa sababu hiyohiyo kupaka rangi, lami au oili chafu kwenye jeraha hakuzuii uozo. Mteja akitaka sana kupakiwa, apewe ndoo ajipakie.

Maagizo yanayotuudhi kuliko yote ni "kata kichwa chote, ubaki mashina". Mwenye nyumba anaona amemaliza tatizo. Mti uliopoteza majani yote hutoa chipukizi nyingi kwa fujo kutoka chini tu ya gome, hazijashikana na mbao ya ndani, na baada ya miaka miwili au mitatu ni fimbo nene za mita kadhaa zilizobandikwa juu ya magogo yanayooza. Upepo wa kwanza wa masika unazishusha juu ya bati lilelile. Mti mkubwa usiondolewe zaidi ya robo ya majani yake kwa mara moja. Punguza ndani, ondoa yaliyokufa, yanayosuguana na yanayoelekea paa, upepo upate pa kupita. Kama mti ni mkubwa kuliko mahali ulipo, basi ung'olewe upandwe mwingine. Hilo ni jibu la heshima kuliko kuukata kichwa kila mwaka.

Kila mti una tabia zake na bei izijue. Mwembe ukatwe baada ya mavuno, si wakati umechanua, la sivyo mteja atakudai maembe; utomvu wake, kama ule wa mkorosho, huwasha na kubabua ngozi. Mfenesi hutoa ulimbo unaogandisha mnyororo. Mvinje na mkrismasi ni miti ya kuvunjika ghafla. Mwarobaini hupasuka kwenye panda, na ukikatwa unachipua tena kisikini kana kwamba hujafanya kitu, kwa hiyo usimwahidi mteja kuwa umekwisha. Mnazi una moyo mmoja tu juu: ukiukata umeua mti, na makuti mabichi yasipunguzwe ili "upendeze", yaondolewe makavu, makarara na nazi tu. Uzio wa mnyaa ukatwe kwa miwani inayoziba pembeni, kwani maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa. Jicho lioshwe kwa maji mengi hapohapo, kisha hospitali.

Kisha wenyeji wa mti. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, hawaui, lakini mtu anayeng'atwa shingoni akiwa juu na msumeno unaounguruma huachia mkono. Viota vyao vishushwe kwanza kwa upondo. Nyuki wakiwa kwenye tundu aitwe mrina asali siku moja kabla, aje jioni. Huku pwani kuna pia yule koboko wa kijani anayependa miembe na mikorosho. Mpandaji aguse matawi kwa fimbo kabla ya kutia mkono kwenye majani mazito.

Msumeno. Mchanganyiko wa kawaida ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili ya injini za tu-stroki kwa lita 5 za petroli, endapo oili ni ile inayoruhusiwa na mtengenezaji; oili nyingine hutaka 25 kwa 1, mililita 200. Pimeni kwa chupa yenye alama. Kukadiria kwa kizibo ndiko kunakokwangua pistoni, na pistoni ikiganda bei yake ni karibu ya kununua msumeno mwingine. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usitumike. Oili chafu ya gereji kwenye mnyororo inaonekana kubana matumizi, lakini imejaa vumbi la chuma linalokula pampu na baa, ule ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo, na humrukia mkataji usoni siku nzima.

Mnyororo mkali hutoa chengachenga. Ukiona unga, simama unoe. Mnyororo wa saizi ya inchi 3/8 hutaka tupa ya duara ya milimita 5.2, wa inchi .325 tupa ya milimita 4.8, na ule mwembamba wa misumeno midogo tupa ya milimita 4. Pembe ni nyuzi 30, tupa isukumwe mbele tu, na kila jino lipate idadi ileile ya misuguo, la sivyo msumeno utakata ukipinda. Kidato kilicho mbele ya kila jino kiwe chini ya jino kwa kama milimita 0.65. Wapo wanaokikwangua zaidi ili msumeno "ule" haraka. Unakula, ndiyo, na unarusha teke. Teke hutokea pale robo ya juu ya ncha ya baa inapogusa kitu: mnyororo hukwama na baa nzima huruka kuelekea usoni mwa mkataji kabla hajafikiri. Kwa hiyo ncha isiguse chochote, mikono iwe miwili wakati wote, msumeno usipandishwe juu ya mabega, na breki ya mnyororo ijaribiwe kila asubuhi. Wanaoing'oa breki kwa kuwa "inasumbua" tumewaona, na wauzaji wa misumeno bandia huiuza ikiwa na breki ya mapambo tu.

Adui mwingine wa mnyororo hapa mjini ni mchanga. Kugusa ardhi mara moja kunatosha kuufanya butu, hivyo gogo linyanyuliwe juu ya gogo lingine kabla ya kukatwa vipande. Na kabla ya kukata shina la mti wa barabarani litazamwe vizuri, maana limejaa misumari ya mabango ya waganga na madalali wa vyumba, mingine imekwisha mezwa na gome.

Mti unapoangushwa mzima, njia zisafishwe kwanza: watu wote wawe mbali kwa angalau mara mbili ya urefu wa mti, na mkataji awe na njia mbili za kukimbilia, nyuma kwa mshazari kulia na kushoto, zisizo na mawe wala matawi ya kukwaa. Mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, ukatwe upande unakoanguka, kina chake kati ya sehemu moja ya tano na theluthi ya kipenyo. Mkato wa nyuma uje juu kidogo ya sakafu ya mdomo, na usikutane nao: bakiza bawaba ya mbao yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, sawasawa pande zote mbili. Shina la sentimita 60 linahitaji bawaba ya sentimita 6. Bawaba ndiyo inayoongoza mti. Ukiikata yote kwa pupa, mti unaamua wenyewe. Kabari za plastiki au za mbao ngumu ziingie mapema nyuma ya msumeno, kabla mti haujakaa juu ya baa.

Masikio nayo ni mtaji. Msumeno wa mnyororo unazidi desibeli 100, na kwa kiwango cha desibeli 85 kwa saa 8, kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda kwa nusu. Kwa 100 unabaki na dakika 15 kwa siku. Vikinga masikio ni rahisi kuliko vitu vyote tulivyovitaja.

Upande wa karatasi, anayetaka kazi za hoteli, shule na kampuni ajue kuwa watamdai namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara na risiti ya mashine ya kodi (EFD). Mwajiri, hata wa watu watatu, anapaswa kuwachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, yaani kwa mshahara wa Sh400,000 ni Sh2,000 kwa mwezi. Ukilinganisha na gharama ya mguu uliovunjika, hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo. Vikundi vya vijana vinaweza kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni fungu la vijana. Nunueni kamba na mikanda kwanza, msumeno wa pili baadaye. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si wa mwenye nyumba hata kama aliupanda yeye: kuna wakala wa barabara, TANROADS na TARURA, na mahali pa kuanzia ni serikali ya mtaa. Mvule, mninga na mpingo, hata ndani ya ua, ulizeni wakala wa misitu, TFS, kabla ya kutia msumeno, na magogo au mbao zinazosafirishwa ziwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, la sivyo zitaishia kizuizini pamoja na gari.

Kazi hii ina njaa yake kati ya Juni na Septemba. Wanaovuka ni wenye mikataba midogo ya mwaka. Mnazi hutoa karara jipya karibu kila mwezi, hivyo hoteli yenye minazi 40 juu ya vitanda vya wageni, iwe Bagamoyo au Nungwi, inahitaji mkwezi kila baada ya miezi miwili au mitatu. Huo ni mshahara wa uhakika. Shule, makanisa na misikiti ipewe ukaguzi wa Januari kwa bei ndogo, na kazi zitakazoonekana zifanywe kwa zamu kabla ya mvua.

Tuna maombi mawili. Mamlaka ya ufundi stadi, VETA, na Chuo cha Misitu Olmotonyi watufikirie kozi fupi ya jioni ya miti ya mjini, ya kamba na kupanda hasa, kwa sababu mafunzo ya msumeno yaliyopo yanalenga zaidi mashamba ya miti kama Sao Hill, ambako hakuna bati wala simtanki. Na halmashauri zitenge kona ya kupokelea majani na matawi pekee katika kila wilaya, badala ya kila kirikuu kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Kipande kikikatwa mita moja na vitako vikapangwa upande mmoja gari hubeba karibu mara mbili, lakini foleni ya kwenda Pugu haikatiki kwa panga. Kituo kikiwa karibu, tripu ya Sh40,000 inaweza kushuka mpaka nusu, na bei tutaipunguzia hapo.

Mafundi wa miti,
Dar es Salaam